Mlinzi Anapoondoka: Jee, Ahadi Huzeeka?



Katika darasa yetu ya usiku lilizuka suala ambalo kwa juu lilikuwa la taarikh, na kwa ndani likawa la dhamiri. Suala lenyewe ni hili: mwenye nguvu akimwambia mnyonge, “Lala, mimi nitakulinda,” kisha nguvu zikamwishia akenda zake, jee, huyo amevunja ahadi au ana udhuru? Na yule aliyelala, jee, ana haki ya kulalamika, au alaumiwe kwa kulala kwake? Walikuwako waliojibu upesi kwa upande huu, na waliojibu upesi kwa upande wa pili. Sisi tuliona ni bora suala hili lipimwe kwa mambo yaliyotokea, si kwa maneno matupu.

Mfano tuliouchagua hauko mbali nasi. Ni habari ya dola ya Waingereza ilipoyaondoa majeshi yake katika nchi zilizo mashariki ya Mfereji wa Suez, baina ya mwaka 1966 na mwaka 1971. Bahari iliyokuwa ikilindwa na manowari hizo ndiyo hii ituleteayo kaskazi, na Aden, Maskati na Dubai ni bandari ambazo watu wake na jahazi zake zajulikana katika Bandari ya Kale ya Mombasa tangu zama za wazee wetu. Kwa hivyo, tunapoyataja mambo hayo, hatutaji ya watu wa ajabu.

Yatupasa kwanza tueleze sababu. Waingereza walitoka katika Vita Vikuu vya Pili wakiwa washindi, lakini washindi wenye deni kubwa. Bara Hindi, iliyokuwa ghala ya askari wao, ikapata uhuru mwaka 1947. Na mwaka 1956 askari wao wa mwisho wakatoka katika kambi ya Mfereji wa Suez. Kila walipotoka mahali walitafuta mahali pengine pa kuitua mizigo yao. Hata sisi tulipata fungu letu: mwaka 1947 walianza kujenga mabohari makubwa ya jeshi Mackinnon Road, kwenye njia ya reli ya Mombasa, na haikupita miaka mingi kazi ile ikaachwa. Kisha ikajengwa kambi kubwa Kahawa, karibu na Nairobi. Nayo wakaihama mwishoni mwa mwaka 1964, na leo mahali hapo pana Chuo Kikuu cha Kenyatta. Aden ikabaki kuwa tegemeo lao kuu katika pande hizi. Basi mwenye kuyatazama mambo haya kwa utaratibu ataona kuwa kuondoka hakukuanza siku kulipotangazwa. Kulianza zamani, nyumba baada ya nyumba, na mwenye nyumba akiendelea kusema kuwa hahami.

Tuanze na Aden. Waingereza waliitwaa mwaka 1839. Masultani na maamiri wa nchi za jirani walifungwa nao kwa mikataba ya himaya, na mwaka 1959 baadhi yao wakakusanywa katika Shirikisho. Mwezi wa Januari 1963 Aden yenyewe ikaingizwa humo, na wengi katika watu wake hawakuridhia. Mwaka 1964, katika mkutano wa London, ikasemwa kuwa Shirikisho litapata uhuru usiozidi mwaka 1968, na kwamba Waingereza watabaki na kambi yao na kufanya mapatano ya ulinzi na serikali hiyo mpya. Wale watawala wakategemea neno hilo. Walikuwa wakijua wazi kuwa kwa kusimama upande wa Waingereza wamejitia katika uadui na wazalendo wa mji na vilevile na Misri ya Gamal Abdel Nasser, ambayo majeshi yake yalikuwa Yemen, ng’ambo ya mpaka. Lakini walijiambia: tuna mlinzi.

Mwezi wa Februari 1966 serikali ya London ikatangaza kuwa itatoka Aden kabisa kabla ya kumalizika mwaka 1968, na kuwa hapatakuwa na mapatano yoyote ya ulinzi baada ya uhuru. Tangu siku hiyo kila mwenye akili pale Aden alijua kuwa jua linatua upande upi. Askari wa Shirikisho, makarani, wafanya biashara, wote wakaanza kutafuta urafiki kwa yule atakayekuja, kwani nani atakayeshikana mkono na anayezama? Ilipofika mwezi wa Septemba 1967 Shirikisho lilikuwa limekwisha kuvunjika, na watawala wake, mmoja huku na mmoja kule, wamekimbia au wamekamatwa. Tarehe 30 Novemba 1967 nchi ikashikwa na Jabha ya Ukombozi wa Taifa, wale wale ambao Waingereza walikuwa wakipigana nao. Serikali iliyoahidiwa ulinzi haikuishi hata siku moja ya huo uhuru ilioahidiwa kulindiwa.

Mambo ya Ghuba ni ya namna nyingine. Huko mikataba ilianza mwaka 1820. Mwaka 1853 ikafanywa sulhu ya bahari iliyoitwa kwa maandishi kuwa ni ya daima. Na mwaka 1892 mashekhe wakafunga ahadi ya kutokuwa na mambo na dola nyingine yoyote isipokuwa Waingereza. Mwezi wa Novemba 1967 serikali ya London ilimtuma waziri wake mmoja, Goronwy Roberts, kwenda kuwatuliza mashekhe kuwa Waingereza hawatoki. Mwezi huo huo thamani ya paundi ikateremshwa kutoka dola 2.80 za Kimarekani mpaka dola 2.40. Mwezi wa Januari 1968 waziri yule yule akarudi kwa mashekhe wale wale kuwaambia kuwa wanatoka. Tarehe 16 Januari Waziri Mkuu Harold Wilson akasimama Bungeni akatangaza kuwa majeshi yote yatakuwa yameondoka Ghuba, na pia Singapore na Malaysia, kabla ya kumalizika mwaka 1971.

Shekhe Zayed bin Sultan wa Abu Dhabi na Shekhe Rashid bin Said wa Dubai walikuwa tayari kutoa mali kuwalipia askari hao gharama yao ili wabaki. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Denis Healey, akalijibu jambo hilo katika televisheni kwa maneno ya dhihaka ambayo baadaye ilimbidi kuyaombea radhi. Tutazame hapa jinsi unyonge unavyoweza kuwakuta wote wawili kwa mara moja: aliyelindwa alidhani kuwa ulinzi hununuliwa, na mlinzi, ambaye kwa miaka mia na zaidi alilinda kwa ajili ya faida yake, akajitia kuona haya ya kulipwa.

Basi sasa tuje kwenye hukumu. Sisi twaona kuwa katika kuondoka kwa mwenye nguvu yapasa kutenganishwa mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni kushindwa. Aliyeahidi kwa nia njema akiwa na uwezo, kisha uwezo ukamtoka, huyo hahesabiwi kuwa mhaini. Hapana sharia wala akili inayomlazimisha mtu kubeba asichoweza kukibeba. Lau jambo lingekuwa hili peke yake, tungesema: kila dola ina mwanzo na ina mwisho, na mwenye kuzeeka haulizwi mbona hakimbii.

La pili ni kuficha. Aliyejua kuwa uwezo wamtoka na akaendelea kumwambia mwenziwe “lala,” huyo ana dhambi ya usingizi wa mwenziwe. Hatusemi kuwa Goronwy Roberts alikuwa mwongo. Huenda ujumbe aliobeba mwezi wa Novemba aliuamini. Lakini waliomtuma walikuwa na hesabu za hazina mbele yao, na miezi minne kabla ya hapo, mwezi wa Julai 1967, walikuwa wamekwisha kutangaza wenyewe kuwa kambi za Singapore na Malaysia zitafungwa katikati ya miaka ya sabini. Mwenye kuuza magodoro ya chumba kimoja hawezi kumwapia mgeni wa chumba cha pili kuwa nyumba haihamwi. Wanazuoni wetu wa fikihi, walipozungumza juu ya mapatano baina ya watu na watu, walishurutisha kuwa mwenye kutaka kuyavunja lazima ayatangaze wazi, mpaka pande zote mbili ziwe sawasawa katika kujua. Shuruti hiyo haikuwekwa kwa ajili ya adabu tu. Aliyepewa habari mapema ana nafasi ya kujitengeneza. Asiyepewa amenyang’anywa ulinzi na amenyang’anywa na wakati, na katika viwili hivyo wakati ndio mkubwa.

La tatu ni kuahidi kwa mali usiyokuwa nayo. Ahadi ya mwaka 1964 kwa watawala wa Aden ilikuwa ni ahadi ya kulinda serikali ambayo wengi katika watu wa mji wenyewe hawakuitaka. Hata mlinzi angelikuwa na nguvu za simba, nguvu hizo hazingeweza kuifanya serikali ipendwe na raia wake. Basi ahadi ile ilikuwa na kasoro tangu kuzaliwa kwake, na kuvunjwa kwake kulidhihirisha tu kasoro iliyokuwamo.

Tunajua kuwa yuko atakayetupinga aseme: “Nyinyi mwalia kwa sababu mkoloni ameondoka? Si ndilo jambo tulilolitaka sote?” Twamjibu kuwa kuondoka kulikuwa ni haki, wala hatutaki hata kidogo kuonekana kuwa twakumbuka bendera ya mtu. Lakini haki ya kuondoka ni jambo moja, na deni la kuondoka ni jambo jingine. Aliyeshika shamba la watu kwa nguvu, akaondoa ua wao akaweka wake, akawazuia kwa miaka mingi wasijenge jingine, siku ya kutoka hawezi kusema, “Nimewarudishia shamba lenu, sina deni.” Mkataba wa mwaka 1892 uliwazuia mashekhe wasiwe na rafiki mwingine. Mwenye kumzuia mtu asitafute rafiki mwingine amejilazimisha, kwa kule kumzuia, kumpa muhula wa kutosha siku ya kumwacha.

Na yuko mwingine atakayesema: “Serikali si mtu. Serikali ya leo haifungwi na maneno ya serikali ya jana.” Neno hili lasikika kama la hekima, lakini hebu lipimwe. Serikali ya leo huirithi bandari ya jana, mafuta ya jana na heshima ya jana. Itakuwaje irithi mali na iwache deni? Katika mirathi yetu sisi, deni hutolewa kwanza ndipo mali igawanywe. Wala walimwengu hawasahau. Lee Kuan Yew wa Singapore alipopata habari alipanda ndege mwezi ule wa Januari 1968 akaenda London kuteta, na muhula uliokuwa umekusudiwa kuishia mwezi wa Machi 1971 ukasogezwa mpaka mwisho wa mwaka huo. Miezi tisa kwa mji ambao kambi zile zilikuwa riziki ya maelfu ya watu wake si kitu kidogo. Lakini Singapore haikutosheka na miezi hiyo: ilizidi kulijenga jeshi lake, na gati la manowari ikaligeuza kuwa la kutengenezea meli za biashara.

Hapa, wasomaji wetu, hatuwezi kupita bila ya kutaja la kwetu, nalo tutalitaja kwa kifupi kwani ni kidonda cha nyumba nyingi. Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu mwaka 1890. Ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 bila ya mapatano ya ulinzi. Serikali yake ilipopinduliwa tarehe 12 Januari 1964, iliomba msaada wa askari kwa Waingereza, na askari hawakuja. Mwezi ule ule, majeshi ya Tanganyika, Uganda na Kenya yalipoasi, serikali za nchi hizo ziliomba msaada wa Waingereza, na askari wakaja. Hatusemi hapa nani alikuwa na haki Unguja na nani hakuwa nayo; hilo lina wenyewe na lina mahali pake. Tunachokiuliza ni hiki: mtu akikulinda miaka sabini na tatu, kisha siku ya haja akakwambia, “Baina yetu hapana maandishi,” jee, amesema kweli? Kwa karatasi, amesema kweli. Lakini mazoea marefu nayo ni ulimi. Mwenye kuona kuwa watu wamemtegemea, akanyamaza kwa kuwa kutegemewa kwampa faida, amewaahidi kwa kunyamaza kwake. Walakini na upande wa pili una somo lake: lisiloandikwa halishikiki. Waliotangulia walilijua hilo kwa uchungu. Sisi waliotufuata hatuna udhuru wa kulisahau.

Tugeuze basi uso kwa yule aliyelala. Baina ya mashekhe wa Ghuba kulikuwa na ugomvi wa siku nyingi. Abu Dhabi na Dubai walipigana kwa ajili ya mipaka katika miaka ya arubaini. Mlinzi alizima vita, lakini hakumaliza ugomvi, wala hakuwa na haja kubwa ya kuumaliza, kwani wenye kugombana ndio wenye kuhitaji mlinzi. Haukupita mwezi na siku chache tangu tangazo la London, wakakutana Zayed na Rashid, tarehe 18 Februari 1968, wakapatana juu ya mpaka na juu ya kuungana. Jambo lililowashinda miaka ishirini walilipata katika hema kwa siku moja, kwa kuwa sasa hapakuwa na wa kumwendea. Kutoka hapo, baada ya mazungumzo marefu, Bahrain na Qatar zikashika njia zao, na tarehe 2 Desemba 1971 ukazaliwa Muungano wa Imarati za Kiarabu.

Lakini asije mtu akadhani kuwa kuachwa ni dawa isiyokuwa na sumu. Palipokuwa na subira na shauri, mambo yalikwenda vyema: Uajemi, ndiyo Irani, ilikuwa ikidai kuwa Bahrain ni yake, jambo likapelekwa Umoja wa Mataifa, akatumwa mjumbe kuwauliza watu wa Bahrain wenyewe, na mwezi wa Mei 1970 Baraza la Usalama likakubali kuwa watu hao wataka nchi yao iwe huru. Shah akaridhia, na damu haikumwagika. Na palipokuwa na haraka, mambo yalikwenda kinyume. Tarehe 30 Novemba 1971, ilipokuwa imebaki siku moja tu himaya ya Waingereza imalizike, askari wa Uajemi waliteka visiwa viwili vya Tunb, vilivyokuwa vya Ras al-Khaimah, na pia wakashuka Abu Musa kwa mapatano ambayo Shekhe wa Sharjah aliyakubali kwa kukosa hila. Mlinzi alikuwa bado yuko zamuni, bunduki yake bado imo mkononi, lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kusafiri. Iraki ikakata uhusiano na Uajemi na Uingereza, na Libya ikaitaifisha mali ya kampuni ya mafuta ya Kiingereza. Zaidi ya miaka hamsini imepita, na visiwa hivyo vingali mkononi mwa Uajemi, na Imarati zingali zikividai. Hayo ndiyo matokeo ya siku moja ya mwisho kufanywa kama haina thamani.

Na pahali palipoachwa hapakukaa patupu. Kambi ya manowari ya Bahrain waliingia Wamarekani. Aden ikafunguliwa milango kwa Warusi. Na hao Waingereza wenyewe, mwaka 2018, wakafungua tena kituo cha manowari pale pale Bahrain. Kwa hivyo yule aliyedhani kuwa wameondoka kwa ajili ya haki, na yule aliyedhani kuwa wameondoka kwa ajili ya uhaini, wote wawili walikosea: waliondoka kwa sababu hesabu haikutimia, na wakarudi hesabu ilipotimia. Mwenye kuishi kwa hesabu ya mtu mwingine na ajue kuwa siku moja atakuwa nambari ya kufutwa.

Twauliza mwisho: haya yatufaa nini sisi watu wa miji ya pwani, tusiokuwa na manowari wala kambi? Twaona kuwa yatufaa sana. Ni mara ngapi tumeona madrasa iliyosimama kwa ahadi ya tajiri mmoja, ikafungwa mwaka ule biashara yake ilipolala? Tajiri yule aliona haya kusema, “Nimepungukiwa,” akaendelea kusema, “Inshallah mwezi ujao,” mpaka walimu wakatawanyika. Nasi tulioitegemea madrasa ile hatukuweka hata senti ya akiba, kwa kuwa tulikuwa na mlinzi. Hapo yamekutana makosa yote mawili tuliyoyataja, la kuficha na la kulala.

Basi shauri letu ni hili. Aliye na nguvu leo, akiahidi, na aahidi kwa kadiri ya alicho nacho. Na akihisi kuwa kimempungukia, aseme mapema, kwani aibu ya kusema “sina” ni ya siku moja, na aibu ya kuwaacha watu gizani haimaliziki. Na aliyeegemea, asione haya kuegemea, kwani sote tumeegemeana. Lakini asiwache kusuluhisha ugomvi wa ndani ya nyumba yake kwa kutegemea kuwa yuko mgeni wa kuuzima. Ahadi haizeeki, anayezeeka ni mwenye kuiahidi, na kwa hivyo anayengojea itimizwe yampasa amtazame usoni kila siku, amwone jinsi alivyo.

Wabillahi tawfiiq.